Mgomba wa Mama Veneranda

Homa ile ilitukuta mwishoni mwa masika, mwaka ule wa Operesheni Vijiji, na sisi wa Rusimbi, hapa Kigoma, tukaipa jina la shikamoo. Ilimwinamisha kila mtu. Ungemwona baba mzima na kitambi chake anatoka chooni ameshika kiuno, magoti hayakunjuki, ameinama kama anamwamkia mkwewe. Mimi ilinishika kanisani. Nilipiga magoti vizuri tu, kuinuka nikashindwa, ikabidi wanawake wawili waninyanyue huku wanacheka na mimi nawatukana kimoyomoyo mbele ya altare. Viungo viliuma jamani, hata kushika kijiko ilikuwa kazi. Lakini tuliicheka. Wiki haikupita mtu alikuwa sokoni anagombana juu ya bei ya dagaa.

Kwa hiyo mume wangu Ignas alipoamka asubuhi moja, homa imeshamwacha, akasema vidole vya miguu vinamfa ganzi, nilimtania. Nilimwambia amezoea kubembelezwa, sasa anatafuta ugonjwa wa pili.

Ignas alikuwa fundi wa karabai. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu wanavua kwa taa, na nyingi za taa hizo zilipita mikononi mwake. Mtu mrefu, mikono mikubwa, lakini kile kisoksi cha taa ambacho kikishaungua ukikigusa tu kimekuwa majivu, yeye alikigeuza huku na huku kikabaki kizima. Niliipenda ile mikono kabla sijajua jina la mwenyewe. Basi jioni ile alishindwa kupiga pampu ya taa. Asubuhi yake glasi ikamponyoka. Halafu miguu ikamkatalia kabisa, akakaa chini katikati ya matangi ya taa mabovu, akaniangalia.

"Bibiana," akasema, "miguu yangu imekwenda wapi?"

Sikumtania tena. Tulimpakia kwenye mkokoteni, tukampeleka hospitali.

Tulimkuta daktari kijana aliyeletwa kutoka Bukoba, Daktari Polycarp, mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimgonga Ignas gotini kwa kinyundo cha mpira, goti likanyamaza. Akagonga la pili, nalo likanyamaza. Akamchoma sindano mgongoni, akatoa maji, akayapeleka kuyapima. Kisha akaniita nje, akaniketisha kwenye benchi, na mimi daktari akiniketisha moyo huanza kwenda mbio.

"Mama, homa mliyougua inaletwa na mbu," alisema. "Si wale wa usiku. Hawa wanauma mchana, wana miguu ya madoadoa. Wamakonde wa kule Kusini wanaijua siku nyingi, na jina waliloipa maana yake ni kukunjika. Karibu wote wanapona. Lakini mara chache, mara chache sana, mwili ukishaishinda homa hauachi vita. Unaendelea kupiga, na unaipiga mishipa yake wenyewe, ile inayobeba amri kutoka kichwani kwenda miguuni na mikononi."

"Mbu!" nilisema. "Mbu amwangushe mwanamume yule?"

"Mbu. Mimi mwenyewe nimeuona ugonjwa huu mara moja tu, nikiwa masomoni. Unapanda kutoka miguuni. Utapanda, utasimama, halafu utashuka. Wengi wanainuka, mama, ila polepole. Kifua tutakilinda, koo tutalilinda. Na jambo moja ulishike: akili yake haiguswi. Atasikia kila neno, hata siku utakayoona kama hayupo."

Nilimuuliza mbu hao wanazaliwa wapi. Akasema kwenye maji yaliyotuama, makopo, mapipa, vyombo vibovu. Nikayakumbuka yale matangi ya taa nyuma ya nyumba, yamekaa na maji ya mvua tangu Krismasi. Nilirudi nyumbani nikayapindua yote kwa hasira, na nilipoyamaliza nikaingia uani kwa jirani nikapindua na pipa lake bila kuomba ruhusa. Alipiga kelele. Nikamwambia apeleke mashtaka kwa balozi wa nyumba kumi.

Ugonjwa ulipanda kama alivyosema. Ulimaliza miguu, ukachukua ile mikono, kidole kwa kidole, huku ninaona. Ukamfika usoni. Uso wa Ignas ulikuwa wa kucheka, mashavu yake hayakujua kutulia. Sasa ulilala wote, pande zote mbili. Sauti nayo ikaenda. Hata macho hayakufumba. Akitaka kulala nilimfumba kwa vidole vyangu, nikamwekea kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake, nikakishikilia mpaka pumzi zake zikawa ndefu. Uji nilimpa kwa kijiko kidogo, nimemwinua kichwa, naupitisha tone kwa tone, na koo, asante Mungu, lilimeza. Niliongea naye kutwa. Mimi kuongea si shida. Nilimpa habari za mtaa mzima, na nyingine nilizitunga.

Ndipo akaja mama yake.

Mama Veneranda alikuwa mwanamke wa milimani, Muha hasa. Operesheni ilimtoa kwenye shamba lake la migomba, ikamweka katika kijiji kipya kando ya barabara, mbele ya Mwandiga. Akapewa kiwanja kimenyooka kama rula, na hakina hata jani moja la kivuli. Alikubali kuhama, hakukubali kuiacha migomba yake. Kila alipopata mwanya alikuwa anapanda mlimani na jembe begani, anapalilia, anakata majani makavu, anaweka mboji kwenye mashina, halafu anateremka tena kijijini. Wakubwa wa kijiji walimwambia, bibi, lile si shamba lako tena. Akawajibu kwamba migomba haijaambiwa.

Mimi hakunipenda mwanzoni, sitaficha. Wazee wangu walivuka ziwa kutoka Kongo, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa ng'ambo. Zaidi ya hapo sikujua kuamkia. Kwao mtu mdogo haamkii kwa mdomo peke yake. Anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, viganja vimejikunja, na haachi mpaka mkubwa wake aitikie. Siku ya kwanza nilipompa mkono kama mtu wa mjini, aliutazama mkono ule kama nimempa samaki aliyeoza. Ignas ndiye aliyenifundisha, amesimama nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, ananipigisha makofi mpaka nikajua. Yeye mwenyewe, hata awe amechoka namna gani, hata awe na mafuta ya taa mpaka kwenye viwiko, akimwona mama yake alianza kupiga makofi akiwa bado mbali. Na mama alikuwa anachelewa kuitikia makusudi, ili ayasikie zaidi.

Basi aliingia wodini, na kikapu cha ndizi kichwani, miguu ina vumbi la safari. Akasimama mbele ya kitanda. Akangoja.

Mwanawe hakupiga makofi. Alimtazama tu, macho wazi, hayapepesi, uso kama ukuta.

Mama Veneranda alingoja tena. Kikapu kikaanza kutetemeka kichwani. Nikakipokea.

"Bibiana," alisema polepole, "huyu ni nani?"

"Mama, ni Ignas. Anaumwa. Mishipa imelala, hawezi kujisogeza."

"Ignas hajawahi kuniona akakaa kimya."

"Anakusikia, mama. Daktari amesema anasikia kila neno. Mtazame, anakuangalia."

"Anaangalia bila kufumba. Umeona wapi mtu anaangalia bila kufumba?" Alirudi nyuma hatua moja, na hapo nikajua linalokuja, maana kwetu Kigoma kila mtu amelisikia tangu utotoni. Wanasema mtu anaweza kuchukuliwa. Wachawi wanamwiba mzima mzima, wanakwenda kumlimisha mashamba yao, na kitandani wanaacha shina la mgomba lenye sura yake. Ndugu wanalia, wanazika mgomba, na mtu wao yuko mahali anachunga mifugo ya watu.

"Mwanangu wamemchukua," alisema. "Hiki walichoniachia ni mgomba."

"Mama, usiseme hivyo, anasikia!"

Chozi lilimtoka Ignas. Uso haukusogea hata kidogo, chozi tu lilishuka mpaka sikioni. "Unaona?" nilipiga kelele, wagonjwa wengine wakageuka. "Mgomba unalia? Ha? Mgomba unalia?"

Mama Veneranda alilitazama lile chozi kwa muda mrefu.

"Mgomba nao unatoa maji, ukikatwa," alisema, akatoka nje.

Alikaa barazani, nje ya dirisha letu, akaanza kumwita. Wanasema mtu aliyechukuliwa akisikia jina lake kutoka kinywani mwa aliyemzaa, kamba zinalegea. Basi akamwita kwa sauti yote, ameelekea ziwani. "Ignas wee! Ignas, rudi! Mama yako yuko hapa!" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuwa na mtoto bado, lakini nakuambia sauti ile ilinikata maini. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yao. Yeye anamwita ziwani, na mwenyewe amelala nyuma ya mgongo wake, anasikia, hawezi hata kukohoa ili ajulikane. Nilimziba masikio Ignas kwa viganja vyangu. Halafu nikaviondoa, nikaona nitakuwa namwibia sauti ya mama yake.

Kutoka saa ile hakumeza. Nilimwekea uji mdomoni, ukateremka kidevuni. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamfokea, uji ukateremka vile vile. Daktari Polycarp alikuja, akaweka kidole kooni mwake, akasikiliza, akamwekea maji kidogo sana ulimini.

"Mate anameza," alisema. "Koo halijafungwa. Ignas, unanisikia, unaweza kumeza. Au hutaki?"

Ignas aliyaondoa macho, akayapeleka dirishani. Huko nje sauti ilikuwa imenyamaza.

Daktari alinitoa kando, na mimi nikammwagia yote, la mgomba na la chozi, na jinsi ambavyo ningemshika yule mama nikamtikisa kama si adabu. Hakucheka. Alivua miwani yake ya uzi akaifuta.

"Hakuna dawa nitakayompa inayoweza kushinda jambo hilo," alisema. "Asipomeza hatutakuwa naye muda mrefu. Mtafute mama yake." Kisha akatabasamu kidogo, kwa huzuni. "Ila nikuambie, mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu mama akimwita mtoto mgomba, hajamtukana. Mgomba ndio unaotulisha."

Maneno yale nilitoka nayo mlangoni nikiwa bado sijayaelewa vizuri. Muuguzi akabaki na Ignas, mimi nikaenda mbio.

Kwa kuulizia watu, nilimkuta Mama Veneranda Ujiji, ufukweni, kwenye mitumbwi ya kwenda Ilagala. Alikuwa amesikia kuna mganga huko anayejua kuwarudisha waliochukuliwa. Amekaa juu ya kifurushi chake kando ya turubai za dagaa, na sauti yake imekauka kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, makali makali. Nilipomwona amekuwa mdogo vile, kifurushi kimemzidi, yote yalinitoka.

Niliinama mchangani, nikampigia makofi. Taratibu, viganja vimejikunja, kama nilivyofundishwa.

Alichelewa kuitikia. Alipoitikia machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kaa, mtoto wa ng'ambo," alisema. "Ninakwenda kumtafuta mume wako."

"Mama, sikuzuii. Ila nina swali." Nikakaa kando yake. "Kule mlimani, ile migomba walikuambia si yako tena. Kwa nini unaipalilia?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini anavaa nguo. "Nani mwingine ataipalilia?"

"Na ikikaa bila kupaliliwa?"

"Itakufa, wewe. Unauliza nini?"

"Basi mama, na huyu wa hospitali atakufa. Amekataa kula kutoka mkononi mwangu. Mimi nimekulia kwenye dagaa na mihogo, sijui lugha ya migomba. Wewe unasema ni mgomba. Haya, mimi sibishani na wewe tena, na iwe mgomba! Lakini ni mgomba, mama, na umewekwa katika kitanda cha mwanao, na unanyauka, na wewe Veneranda binti wa milimani, uliyewashinda wakubwa wa kijiji kwa ajili ya migomba isiyo yako, unaupita unakwenda Ilagala?"

Mtumbwi ulikuwa unajaza. Mwenye mtumbwi alimwita, bibi, tunaondoka. Mama Veneranda hakugeuka. Alikuwa anaitazama mikono yake, imechubuka, ina utomvu mweusi wa ndizi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Unanyauka?" aliuliza.

"Unanyauka, mama."

"Loo," alisema. Akainuka, akajitwisha kifurushi. "Mtu haachi mgomba unyauke. Nitautazama kwanza, halafu nitakwenda."

Sikusema neno. Waliokuwa wananijua pale ufukweni hawakuamini.

Aliingia wodini akakunja mikono ya nguo yake. Hakumwangalia usoni, aliogopa yale macho. Alianza miguuni, kama mtu anavyoanza na shina. Alimwosha nyayo kwa maji ya moto, akavinyoosha vidole, akapanda magotini, akamgeuza ubavu huu na huu, akamfuta mgongo, na wakati wote anaongea naye kwa Kiha, sauti ya chini, iliyopasuka. Mimi Kiha changu ni cha sokoni, lakini niliyashika machache. Alikuwa anamwambia mvua zimekwisha sasa. Anamwambia upepo wa ziwani si mbaya, usiogope, nitakuegemeza. Ndiyo maneno anayoiambia migomba yake. Kisha akachukua kijiko changu, akauonja uji, akanikemea kwamba hauna chumvi, akamwinua kichwa Ignas kwenye mkunjo wa kiwiko chake.

"Kunywa," alisema. "Kunywa, usimwaibishe aliyekupanda."

Na Ignas akameza. Niliona koo likipanda na kushuka. Niligeukia ukutani nikajifuta kwa ncha ya kanga.

Hakwenda Ilagala siku ile, wala baadaye. Kila asubuhi alisema atautazama kwanza, halafu atakwenda. Alilala kwetu Rusimbi, tukagombana juu ya chumvi, kuni na namna ya kukunja shuka, na wodini tukapokezana. Mimi nilikuwa wa macho, nayafumba na kuyalowesha. Yeye alikuwa wa kuosha na kulisha. Hakumwita Ignas hata mara moja. Alimwita "huyu wako." Huyu wako amemaliza uji. Huyu wako ageuzwe. Niliumia, na kila nikitaka kusema neno nilikuwa namtazama Ignas, naye alikuwa anamfuata mama yake kwa macho kutoka mlangoni mpaka kitandani, na mwili wake ukianza kujaa tena. Nikasema acha, ukipewa ndizi usiulize mgomba.

Daktari Polycarp alikuja na kinyundo chake kila siku. Ugonjwa umesimama, alisema. Halafu akasema, sasa unashuka, oneni, bega hili limesogea. Mimi sikuona kitu. Mama Veneranda alisema majani mapya hayaonekani siku yanapochomoza, na daktari akacheka, akamwambia mama, wewe ungesomea udaktari. Akamjibu kwamba hana muda, ana shamba.

Kiangazi kilikuwa kimekolea, vilima vyote vimegeuka rangi ya vumbi, asubuhi aliyoingia Mama Veneranda na beseni la maji kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeinamia jiko la mafuta dirishani, napasha uji. Nilisikia nyayo zake, nikangoja nisikie "huyu wako ameamkaje." Sikusikia kitu. Nikageuka.

Mikono ya Ignas ilikuwa juu ya tumbo lake, pale ninapoiwekaga. Ilikuwa inasogea. Ilitengana kidogo, kwa shida, ikitetemeka, halafu ikarudiana. Viganja vilipishana, vidole vimelegea, haikutoa sauti yoyote. Ikatengana tena, ikarudiana. Safari hii viganja viligusana, na nikasikia kama mtu anaweka kitambaa mezani. Akarudia. Uso wake bado ukuta, macho yake kwa mama yake, na jasho limemtoka kipajini kama amebeba gunia la chumvi. Akarudia tena.

Mama Veneranda alisimama katikati ya wodi. Beseni liliinama, maji yakamwagikia miguu yake, hakuyajali.

"Mama!" nilisema. "Mama, itikia! Hataacha mpaka uitikie, atachoka!"

"Mwache," alisema, kwa ile sauti iliyokauka kwa kumwita Ignas na haijapona mpaka leo. "Mwache kidogo, Bibiana. Nimeyaita makofi haya mpaka ziwani."

Akasikiliza. Ignas alipiga, akakosa, akapiga. Ndipo mama yake akaweka beseni chini, akapiga magoti kwenye maji aliyoyamwaga, akaitikia, neno kwa neno, salamu yote ya kwao mpaka mwisho. Mikono ile mikubwa ikatulia. Akaifunika kwa mikono yake miwili yenye utomvu, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chozi, akamfumba macho kwa vidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akayapangusa.

Kisha akanigeukia mimi, amekunja uso kama siku zote.

"Umesimama nini hapo?" alisema. "Lete uji. Mwanangu ana njaa."